Pamba Iliyokataa Maji

Niliunguzwa na rejeta ya lori mwaka ule ambao watu binafsi waliruhusiwa kununua pamba, magari yasiyo ya chama cha ushirika yakaanza kuonekana kwenye barabara za Bariadi. Nilikuwa utingo. Kazi yangu ilikuwa kuruka: naruka juu kupanga mzigo, naruka chini kuweka gogo nyuma ya tairi, naruka tena kudandia gari likiwa limeshaanza kuondoka. Sijawahi kupata kazi iliyonikaa vizuri kama ile. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na si kwa sababu ya kufukuzwa. Nilitaka kujua mbegu za pamba zinakwenda wapi zikishatenganishwa na nyuzi, nikafuata lori la mbegu mpaka Maswa, nikaona zinavyokamuliwa mafuta na mashudu yanavyopakiwa kwa ajili ya ng'ombe. Niliporudi nilikuwa nimeshapoteza uwezo wa kukaa kwenye dawati.

Siku hiyo gari lilichemka kwenye kilima, tukiwa tumebeba pamba kutoka vijijini. Dereva alikuwa mtu mwenye haraka. Akaniambia nifungue kifuniko cha rejeta, nami nikapandisha mguu mmoja juu ya bampa nikakizungusha kwa kitambaa. Maji yaliruka. Uso niliuwahi kwa mkono, lakini muundi wa mguu wa kulia na sehemu ya juu ya wayo vilimwagiwa, na mikanda ya katambuga yangu ya tairi ikayashikilia yale maji ya moto pale pale. Nilipoivua katambuga, ngozi ilikuja nayo.

Dereva alinipaka dawa ya meno, akanipandisha kwenye gari, na kwa kuwa dada yangu alikuwa ameolewa Kasoli, karibu na njia yetu, akanishusha kwake.

"Tutakupitia," alisema. "Msimu bado mrefu. Ila ukichelewa, ya Tunduma utaisikia kwa wenzako."

Tajiri, mwenye lori, alikuwa ameahidi kwamba msimu ukiisha lori litakwenda Tunduma na kuvuka mpaka kuchukua mzigo. Nilikuwa sijawahi kuona mpaka. Nilikuwa nikijiuliza kama kuna kitu chochote pale, ukuta au mstari au mti, au kama watu wameafikiana tu. Safari hiyo niliitaka kuliko kitu chochote, na kuipata kulitegemea kidonda changu kifunge kabla pamba haijaisha mashambani.

Nyumba ya dada ilizungukwa na ua wa minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani isiyo na majani, ambayo ukiivunja inatoa maziwa yanayounguza ngozi na kupofusha jicho. Ng'ombe wangapi nyumba ile ilikuwa nao haikuwa adabu kuuliza. Walilala ndani ya ua, kwenye zizi la miti, na wao na watu walitumia lango moja. Choo kilikuwa ndani, nyuma ya ghala. Bafu lilikuwa ndani pia, na pembeni yake mgomba mmoja ulioishi kwa maji ya kuogea. Kwa hiyo mtu angeweza kukaa mle mwaka mzima bila kuwa na sababu ya kutoka, na mama mkwe wa dada alinieleza siku ile ile nilipofika kwamba ndivyo itakavyokuwa.

"Kidonda kilicho wazi kikiingia kwa lango la ng'ombe," alisema, "hakitoki kwa lango hilo mpaka kifunge."

Nilidhani ni tahadhari ya mgonjwa asisumbuke. Haikuwa hivyo. Ulikuwa mwiko wa nyumba ile, na sijui kama majirani nao waliufuata. Nilimuuliza sababu yake mara nyingi, kwa sababu nilikuwa na muda, na kila mara nilipata jibu lingine. Mara aliniambia damu ya mtu na kwato za ng'ombe hazipaswi kupishana njiani. Mara akasema kidonda kikitoka kibichi kinamwachia ng'ombe ugonjwa wake, naye anatupa mimba. Siku nyingine alichoka na maswali yangu akasema, "Kwa sababu mimi niliambiwa, na wewe nimekuambia." Shemeji, yaani mume wa dada, alikuwa akisali kanisani kila Jumapili, lakini mambo ya zizi aliyaacha kwa mama yake.

Ningeweza kutoka. Lango lilikuwa miti mitatu ya kupachika, hata mtoto angeichomoa. Lakini ng'ombe mmoja akitupa mimba baada ya mimi kutoka, kila kidole kingeelekezwa kwa dada. Mimi nilikuwa mgeni wake. Alikuwa ameolewa pale kwa ng'ombe, akazaa pale, na bado walimtazama kama mgeni alipoweka chumvi nyingi. Kwa hiyo nilikaa.

Asubuhi mama mkwe alikuwa akipita na kibuyu cha maziwa, mimi nikiwa nimekaa mlangoni mguu umenyooka juu ya kigoda.

"Mwangaluka, ndama wangu."

"Mwangaluka, mayu," ningejibu, yaani mama.

"Umeamkaje?"

"Mhola. Ndama anataka kwenda malishoni."

"Ndama amefungwa kamba," angejibu, na kuendelea zake akicheka peke yake.

Dada alinitibu kwa kila alichokuwa nacho. Naomba nieleze vizuri hapa, kwa sababu sijawahi kutunzwa na mtu vile, na utunzaji huo ndio ulionizuia nisipone.

Zamani kidogo, nikiwa mtoto, kupata dawa kulikuwa kazi. Mwaka ule maduka ya dawa yalikuwa yamefunguliwa mjini Bariadi, yanauza vidonge kama pipi. Shemeji alienda na baiskeli akarudi na rangi mbili, vile vidonge vya nusu nyekundu nusu njano ambavyo watu waliviamini kwa kila kitu. Hakuna aliyevimeza. Dada alivipasua na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda kama anayetia chumvi kwenye samaki. Unga ulikauka na kuwa gamba la njano. Juu ya gamba aliweka pamba. Juu ya pamba alifunga kitambaa alichokata kwenye shati la mitumba, la nailoni, linalong'aa, kwa sababu lilikuwa jipya kuliko nguo zote za nyumba ile.

Pamba yenyewe ilikuwa ya shamba lao. Aliichagua yeye. Ghala lilikuwa limejaa mpaka juu ikisubiri mnunuzi, naye alikaa chini na kuchambua tonge moja moja, akitoa majani, akitoa zile zenye madoa ya mdudu, akivuta mbegu kwa vidole mpaka ibaki nyuzi tupu, nyeupe kama ukungu. Hakuniwekea pamba ya daraja la pili hata siku moja. Sisi tulikuwa watu wa pamba. Tumezaliwa juu yake, tumelalia magunia yake. Kama kuna mahali duniani ambapo mtu asingekosa kitu cha kufunikia kidonda, ni Kasoli mwezi wa saba.

Alikuwa akinibadilishia kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa vile vile. Katikati, pamba ilikuwa kavu kwa juu, na chini yake usaha umetuama na kunuka, haukunyonywa hata kidogo. Pembeni, pale ngozi mpya ilipojaribu kuanza, nyuzi zilikuwa zimegandamana na nyama. Dada alivuta taratibu, akisema "pole, mdogo wangu, pole," na ngozi ya jana ilitoka na pamba ya jana. Kidonda kilibaki na ukubwa ule ule. Nilikitazama sana, kikawa kama ramani ya nchi ninayoijua mipaka yake yote, na mipaka ile haikusogea.

Nje, magari yalipita. Niliyatambua kwa mngurumo. Lile letu lilikuwa na ekzosi iliyotoboka, lilikohoa kabla ya kupanda. Nililisikia likienda tupu na kurudi limejaa, na moyo wangu ulifanya vile vile kila mara. Siku moja lilisimama. Dereva alikuja mpaka langoni akaegemea mti.

"Wewe, bado?"

"Bado kidogo."

"Nimepata kijana wa Maswa ananishikia. Hajui kitu, anapanga mzigo kama anapanga kuni." Akachungulia ndani. "Hebu simama nikuone."

Nilisimama kwa mguu mmoja.

"Korongo," alisema. "Shemeji yako akuuze kwenye bustani ya wanyama."

Alicheka, lakini alipoondoka hakusema tena kwamba atanipitia.

Ng'ombe walikuwa wakitoka asubuhi na kurudi jioni. Mimi nilikuwa nikitazama vumbi lao. Nilijua ng'ombe yupi anatoka wa kwanza na yupi husukumwa. Nilijua siafu wanapopita. Nilijua kwamba minyaa ikikatwa upande mmoja, upande wa pili nao hutoa maziwa, na nilitumia mchana mzima kutafuta umbali wa mwisho ambao maziwa hayo hufika, mpaka shemeji akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimefungiwa na akili yangu ikakosa barabara.

Kilichobadilisha mambo kilikuja na kliniki ya watoto. Kila baada ya muda, wauguzi walikuja na gari na kupima watoto uzito karibu na banda la kununulia pamba, wakitundika mizani yao kwenye boriti ile ile iliyotundikwa mizani ya pamba, watoto wakilia kwenye vikaptula vya kitambaa huku wanaume wakibishana na karani upande wa pili. Dada alimpeleka mtoto wake mdogo, na kazi ilipoisha alimwomba nesi mmoja aje anione, kwa kuwa mimi nisingeweza kwenda.

"Kwa nini asije mwenyewe?" nesi aliuliza, dada akamweleza. Kumbe nesi alikuwa mtu wa Mwanhuzi, kwao pia walikuwa wafugaji. Hakubisha. Alikuja na mkoba wake, akasalimiana na mama mkwe kwa Kisukuma kirefu cha adabu, akavua viatu, akapiga magoti mbele ya mguu wangu.

Alimwagia maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka kitambaa kikalegea. Alipoona pamba, alisita.

"Hii nani kaweka?"

"Mimi," alisema dada. "Ni safi. Daraja la kwanza."

"Naona. Nzuri kweli." Alichukua kipande kingine kikavu kutoka mapajani mwa dada, akakitupa kwenye bakuli la maji. Kikaelea. Akakizamisha kwa kidole, kikarudi juu. "Dada yangu, pamba ikitoka shambani ina mafuta yake. Huyaoni, lakini yapo. Inakataa maji. Sasa kama inakataa maji, usaha uende wapi?"

Dada alitazama bakuli.

"Ile ya hospitali ni pamba hii hii," nesi aliendelea. "Ila imepikwa kiwandani na dawa kali mpaka mafuta yakaisha. Ningekuwa nayo ningekupa. Sina. Na vitambaa vya gozi vya kufungia vidonda vimebaki vya akina mama wanaojifungua tu."

"Kwa hiyo ni mimi ninayemuumiza," alisema dada.

"Wewe ndiye uliyemfanya asioze," nesi alimjibu. Kisha akatoa maelekezo, akihesabu kwa vidole vya dada badala ya vyake. Aache unga wa rangi mbili. Aoshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Apake asali, lakini asali safi isiyochanganywa na sukari, kwani kwenye hospitali ya misheni aliyosomea walikuwa wakiwapaka watu walioungua, na aliona kwa macho yake. Juu ya asali aweke kitu kisichoshikana na nyama, na kwa hilo akanyoosha mkono kuelekea bafuni. "Ule mgomba. Chukua jani changa, lioshe, lichovye kwenye maji yanayochemka, lipoe. Upande laini uelekee kidonda. Halitashika. Juu ya jani ndiyo uweke kitu cha kunyonya, khanga kuukuu iliyofuliwa sana ni nzuri. Hiyo nailoni mrudishieni mwenye mtumba."

Shemeji alikohoa. Lilikuwa shati lake.

Mlangoni, nesi alinigeukia. "Na wewe ukunje na kukunjua mguu. Kifundo. Kila siku, hata kikiuma. Umenisikia?"

Nilisema nimesikia. Nilikuwa nikifikiria pamba.

Ilikuwa imenishika vibaya. Nimeishi na pamba tangu nizaliwe, nimelowa nayo mvua juu ya lori, na sikuwahi kujua kwamba inakataa maji. Nilichukua vipande nikavizamisha usiku kucha chini ya jiwe, asubuhi nikaondoa jiwe, vikapanda. Sasa nilitaka kujua kama mafuta yale yanaweza kutolewa hapa hapa, bila kiwanda. Khanga kuukuu nyumba ile ilikuwa nayo moja tu, ambayo dada alibebea mtoto. Pamba ilikuwa ghala zima. Na nilijua kitu kimoja kinachokata mafuta ambacho kila jiko la Kasoli lilikuwa nacho, magadi, yale ya kulainishia maharage na mlenda.

"Tuipike," nilimwambia dada. "Kwa maji ya magadi."

Mama mkwe alikuwa akipeta mtama. Ungo ukasimama.

"Upike nini?"

"Pamba, mayu."

"Hapana."

Nilikuwa nimesahau. Katika nyumba ile, pamba ambayo haijauzwa haikukaribishwa kwenye moto. Hata anayevuta sigara alivutia nje ya ua. Sehemu yake ni akili ya kawaida, kwani ghala lililojaa pamba likishika cheche halingojei mtu, na sehemu nyingine ilikuwa kwamba pamba inayoona moto kabla ya mizani huleta bei ya majivu. Mwaka ule, wanunuzi wapya wakisema bei hii leo na nyingine kesho, hakuna mtu ambaye angecheza na jambo hilo.

"Ndani ya ua huu, hapana," alirudia mama mkwe.

Dada akasema polepole, akitazama chini kama ilivyo adabu, "Na nje ya ua, mama?"

Mama mkwe alipeta kidogo. "Nje ya ua ni nje," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba dada alipika pamba nje ya minyaa, kwenye mafiga matatu aliyoyapanga chini kabisa upande wa pili, na mimi niliyetaka kuipika nikakaa ndani bila kuona kitu. Nilisogeza kigoda mpaka kwenye ua, kwa uangalifu nisivunje kijiti kikanidondokea jichoni. Niliona moshi. Niliona kipande cha kitenge chake kikipita kwenye nafasi.

"Magadi yameyeyuka?"

"Yameyeyuka."

"Umetia mengi?"

"Nimetia ya maharage."

"Ongeza. Hii ni ngumu kuliko maharage."

"Mdogo wangu, nani anapika?"

Shemeji alirudi kutoka banda la pamba, akamkuta mkewe nje anakoroga. Nilisikia baiskeli ikisimama.

"Leo tunakula nini?"

"Muulize shemeji yako."

"Ngosha," aliita juu ya ua, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamume, "mboga gani hii? Inaiva lini nilete ugali?"

"Itazame kama imezama."

"Inaelea. Kama ngozi ya maziwa."

"Ikandamize na mwiko."

"Nikandamize pamba niliyoilima mwenyewe." Lakini alikandamiza, nilisikia mwiko ukigonga sufuria. "Imerudi juu. Ina ubishi kama wewe."

Kuni ziliongezwa. Harufu ilianza kuja, mbaya, kama nguo chafu zilizochemka na nta. Jua lilihama kutoka bega moja kwenda jingine. Nilikuwa nikiuliza, wao wakijibu bado, na baadaye wakaacha kunijibu, wakawa wanaongea mambo yao, karani aliyemlaghai nani, jirani aliyeuza kwa watu wawili pamba moja. Nilijisikia kama mtu aliyezikwa anayesikiliza wageni wa msibani wakizungumza bei ya mahindi. Mguu ulikuwa ukinipiga. Nilijua lori litakuja au halitakuja, na uhai wangu wote ulikuwa kwenye sufuria ambayo siioni.

Kisha dada akasema, si kwa sauti kubwa, "Njoo uone."

Alikuwa anamwambia mumewe.

"Nini?" niliuliza. "Nini?"

"Imekwenda chini," alisema shemeji. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Nimeitupa kwenye ndoo ya maji baridi. Imekwenda chini yenyewe kama jiwe."

Waliisuuza maji mengi, mpaka utelezi wa magadi ukaisha, kwa sababu mimi nilipiga kelele kwamba magadi yakibaki yatanichoma. Haikurudi nyeupe. Ilikuwa ya rangi ya meno ya mzee, na ilikuwa imejikunja kuwa mabonge. Dada aliianika juu ya mfuniko wa sufuria, akaifunika na chandarua kuzuia nzi, akaichambua upya ilipokauka. Mama mkwe alichukua bonge moja, akalilaza kwenye tone la maziwa lililomwagika, akaliangalia likinywa. Jioni hiyo alinitumia asali, kwenye chupa ndogo, ile anayoletewa na ndugu zake kutoka upande wa Meatu na ambayo hata wajukuu hawakuionja.

Kuanzia hapo nilifungwa kama alivyosema nesi, asali, jani la mgomba, pamba iliyopikwa, na ukanda wa ile khanga moja ambayo dada hatimaye aliikata. Mara ya kwanza alipofungua nilishika kigoda kwa mikono miwili. Alivuta. Jani liliteleza likatoka zima, limelowa, na chini yake kidonda kilikuwa chekundu kama nyama ya ulimi, safi. Pembeni palikuwa na ukingo wa ngozi nyembamba ya rangi ya zambarau. Dada alikaa akiutazama. Kisha akalia kidogo, akijifuta kwa kiganja, akisema moshi wa nje umemwingia.

Mipaka ya ile nchi ilianza kusogea. Nilikuwa nimelala tu, nikilinda. Nilikuwa na hofu kwamba nikikunja kifundo ngozi mpya itapasuka, kwa hiyo sikukikunja. Niliuweka mguu kama nilivyouzoea juu ya kigoda, vidole vimeelekea juu, umetulia kama yai kwenye kiota. Nilikuwa nimesubiri sana kufunga kwa kidonda, na sasa kilikuwa kinafunga, na nisingekisumbua kwa ajili ya mtu yeyote mwenye mkoba.

Kilifunga mwishoni mwa msimu, ghala likiwa limebaki vumbi. Mama mkwe alikikagua kwenye mwanga wa asubuhi, akakibonyeza kwa kidole gumba kila upande. Kisha akaniambia nifuate ng'ombe wanapotoka. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kuhakikisha. Mtu alipita nyuma ya kundi, ndani ya vumbi lake, na kama vumbi halikushika pale palipokuwa na kidonda, basi pamekauka kweli. Nilipita. Alinifuata mpaka nje, akainama akapiga mguu wangu kwa kiganja. Vumbi likaanguka.

"Ndama amefunguliwa," alisema.

Nilikuwa nimesimama nje ya minyaa. Niliona mafiga matatu na majivu yake, ambayo nilikuwa nimeyajua kwa sauti tu. Yalikuwa karibu zaidi ya nilivyodhani.

Lori lilikuja wiki hiyo. Lilikohoa, nami nilikuwa barabarani na kifurushi changu. Dereva alilisimamisha. Yule kijana wa Maswa alikuwa juu, amekaa kwenye turubai.

"Umepona?"

"Nimepona."

"Twende. Panda."

Nilishika ubavu wa gari na kuweka mguu wa kulia kwenye kipandio. Yaani niliuweka kisigino tu. Vidole havikushuka. Nilisukuma, na ngozi mpya, nene na inayong'aa, ilikaza kutoka muundini mpaka wayoni kama kamba iliyofungwa na mtu mwenye nguvu, ikaushikilia mguu vidole vikitazama juu. Nilijaribu kupanda kwa mikono. Nilipanda, sikatai. Lakini nilipanda kama mzigo unavyopandishwa, na dereva alikuwa akinitazama kwenye kioo.

Alishuka. Akautazama mguu wangu, akaushika, akajaribu kuukunja mwenyewe kama anayejaribu skrubu iliyoshika kutu.

"Ruka chini," alisema.

Nilikaa juu ya ubavu nikitazama ardhi. Niliruka. Nilitua kwa kisigino, nikaanguka kwa mikono.

"Sikiliza, mdogo wangu." Hakuwa ananitania. "Mimi barabara ya Tunduma ina milima. Nikikuambia weka gogo, nataka gogo liwe limeshafika."

Alinisaidia kunyanyuka, akanipangusa magoti, akaniachia machungwa mawili. Kijana wa Maswa hakunitazama. Lori likapanda kilima.

Nilirudi kwa lango lile lile. Hakuna aliyenizuia kutoka sasa, na hakuna niliyeweza kumlaumu. Dada alileta samli, akakaa chini, akaweka wayo wangu kwenye paja lake na kuanza kuusukuma chini.

"Nesi alisema," alisema baada ya muda.

"Najua alisema."

"Sasa piga kelele ukitaka, siachi."

Nilipiga. Alikuwa akinifanyia hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, na mvua ziliposhuka mimi mwenyewe nilisimama kwa visigino kwenye gogo, vidole vikining'inia, nikibonyea mpaka jasho likanitoka. Ngozi ile ilikuwa na ubishi. Ilinipa upana wa ukucha na siku ya baridi ikauchukua tena. Nililima kwa jembe la ng'ombe nikichechemea nyuma ya shemeji, ambaye alisema mtaro wangu unafaa kwa nyoka. Tulipanda pamba. Tulipalilia. Lango lilikuwa wazi mchana kutwa na nililipita kwenda na kurudi kama ng'ombe yeyote wa nyumba ile. Kuna siku nilisahau kwamba nilikuwa nataka kuondoka, na siku niliyokumbuka kwamba nimesahau niliogopa kuliko nilivyoogopa usaha.

Pamba ikapasuka tena. Matawi ya chini ya pamba yanataka mtu achuchumae, na kwa kuwa vidole vya mguu ule vilibaki juu nikaanguka kila nilipojaribu, msimu mzima nilikuwa nikiyavuna kwa kupiga magoti, wanawake wakinicheka kwamba nasali. Asubuhi moja nilikuwa katikati ya mstari, mikono imejaa, nikigombana na tonge lililoshikwa na ganda lake, nilipohisi dada amesimama. Nikainua macho. Alikuwa akinitazama miguuni.

Nilikuwa nimechuchumaa. Nyayo zote mbili zilikuwa chini, bapa, kisigino na vidole, kwenye udongo mweusi.

Dada aliendelea na mstari wake mpaka mwisho, akaweka kapu lake, akatembea kuelekea nyumbani wakati jua lilikuwa bado changa na kazi haijafika nusu. Nilipomfuata baadaye nilimkuta amefua shati langu la safari na kulitandaza juu ya mawe, mbali na minyaa, naye amekaa kando yake na mtoto, akiligeuza lipate kukauka upande wa pili.

"Kaa ule kwanza," alisema. "Bado mikono ya shati haijakauka."